Asiyepiga, Akae Benchi?

(Haya niliyasema mbele ya walimu wa michezo wa shule za sekondari tulipokutana Uyole. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na swali la mwisho.)

Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo naomba niingie kwenye jambo. Mwagonile wenyeji. Kamwene mliotoka Iringa na Njombe. Nasikia basi lenu liliwalaza Makambako. Poleni sana, na uji wa tangawizi uko pale nyuma.

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie besiboli, mchezo ambao nusu ya ukumbi huu bado mnauita rede ya wavulana. Sikatai. Kuna mpira, kuna kukimbia, kuna auti. Kilichoongezeka ni rungu. Na nasema rungu kwa makusudi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasema gongo, nikamwandikia mzazi mmoja barua kwamba timu ya shule ina upungufu wa gongo sita. Mzazi yule alikuwa mlangoni kwangu asubuhi yake kabla kengele haijalia, na barua mkononi.

Sasa, kila tukikutana makocha tunabishana jambo lilelile. Una kijana anadaka kila kitu kinachopita karibu yake, lakini akishika rungu ni msiba. Je, aanze kila mechi? Au akae benchi, aanze mwenzake anayepiga mpira ukaenda?

Kwa wageni wa mchezo niseme kidogo. Kikosi ni watu 9. Wote 9 wanalinda, na wote 9 wanapiga, kwa zamu, kwa orodha isiyobadilishwa mpangilio mechi ikishaanza. Ukishatolewa, hurudi. Kwenye mpira wa miguu beki wa kati anaweza kumaliza ligi nzima bila goli na mashabiki wakamwimbia. Kwenye besiboli beki huyohuyo, zamu yake ikifika, anatoka peke yake, anasimama mbele ya uwanja mzima na rungu lake, na kama hawezi kila mtu anaona. Marekani wamemsamehe mrushaji peke yake, yule anayemrushia mpigaji mpira: ligi moja ilianza mwaka 1973 kumruhusu mpigaji maalumu ampigie, na tangu 2022 ligi kuu zote mbili zinafanya hivyo. Wengine wote wanabeba msalaba wao.

Na huo msalaba ni mzito hata kwa hodari. Kufanikiwa ni kufika besi kwa pigo lako, na besi ni vile vituo ambavyo mpigaji hukimbia kuvizunguka ili apate pointi. Anayefanikiwa mara 3 kwa kila 10, yaani wastani wa 0.300, kule ni mtu wa kuheshimiwa. Wa chini kabisa wana mstari wao, na mstari una jina la mtu. Mario Mendoza, Mmeksiko wa Chihuahua, mwaka 1979 alipiga 0.198 akiwa na Seattle. Tangu hapo mchezaji akishuka chini ya 0.200 wanasema amekwenda chini ya mstari wa Mendoza. Maskini ya Mungu, wastani wake wa maisha yote ulikuwa 0.215, yeye mwenyewe yuko juu ya mstari wake. Lakini jina limeshaganda.

Watu wakisimulia habari ya Mendoza wanacheka na kuishia hapo. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nasoma na safu inayofuata. Msimu huohuo wa 0.198, Mendoza alicheza mechi 148 kati ya 162. Mia moja arobaini na nane! Kocha hakuwa kipofu. Kwa nini alimpanga?

Kwa sababu ya mahali aliposimama. Mendoza alikuwa shotistopu, yule mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Wapigaji wengi wanatumia mkono wa kulia, na mpira wa mpigaji wa kulia hupenda kwenda upande ule. Anatakiwa aukimbilie, auinue kutoka ardhini, ageuke, aurushe mpaka besi ya kwanza kabla mkimbiaji hajafika. Asipoweza, kila mpira wa ardhini unageuka zawadi kwa adui.

Baltimore walikuwa na Mark Belanger. Misimu 18 ligi kuu, wastani wa 0.228, homurani, yaani pigo la kumzungusha mpigaji besi zote kwa mkupuo, 20 tu kwa maisha yake yote. Hata hivyo alipewa tuzo ya Gold Glove, tuzo ya ulinzi bora, mara 8. Kocha wake, Earl Weaver, alimpenda mpaka akamfanyia ujanja. Septemba 1975, timu ikiwa ugenini, inapiga kwanza, Weaver aliandika jina la kijana mwingine kwenye nafasi ya shotistopu na kumweka wa kwanza kupiga. Kijana anapiga mara moja. Timu inapoingia kulinda, anatolewa, Belanger anaingia na glovu yake. Kwa maneno mengine, Weaver alitaka mikono ya Belanger mechi nzima, na rungu lake alitaka kulipunguza zamu moja. Hakusema Belanger akae benchi. Alitafuta njia ya kupunguza bei.

Neno hilo, bei, naomba mlishike, nitalirudia.

Sasa nisiwafiche kisa kinachonipinga, maana mkikisoma wenyewe mtasema mwalimu alituficha. Mwaka 1968 Detroit walikuwa na shotistopu anaitwa Ray Oyler. Alicheza mechi 111, akapiga 0.135. Detroit walishinda mechi 103 wakiwa na mtu huyo kikosini, wakaingia fainali, World Series, na St. Louis. Hapo kocha Mayo Smith akafanya jambo lililowatoa watu jasho. Alikuwa na Al Kaline, mkongwe, mpigaji wa haja, aliyekuwa amekosa nafasi kwa sababu alivunjika mkono na walinzi wa nje waliobaki wakafanya vizuri. Smith akamchukua Mickey Stanley, mlinzi wa nje katikati, akampeleka shotistopu, mahali alipokuwa amecheza mechi chache tu za mwisho wa msimu. Oyler benchi. Nafasi ya mlinzi wa nje ikapatikana, Kaline ndani.

Fainali ni mechi 7. Stanley alikosea mara 2, hakuna kosa lililoigharimu timu. Kaline alipiga 0.379, na kwenye mechi ya tano, Detroit wakiwa wamebakiza kupoteza moja tu watoke, ni yeye aliyepiga mpira uliowaweka mbele. Wakawa mabingwa. Upande wa pili St. Louis walibaki na shotistopu wao, Dal Maxvill, mlinzi mzuri kweli, mwenye Gold Glove ya mwaka uleule. Alipiga mara 22 bila kupata hata moja. Sifuri kwa 22.

Kwa hiyo mtu akija akakwambia ulinzi ni kila kitu, mwambie 1968. Ila umwambie na hili: Mayo Smith hakumweka shotistopu mtu yeyote aliyeokotwa. Stanley alikuwa na Gold Glove ya mwaka huo, ya nje. Alikuwa mwanariadha wa kutumainiwa. Na timu ikishaongoza, dakika za mwisho, nani aliingizwa kulinda? Oyler.

Mimi sikuwa na Stanley. Nilikuwa na bonge la kijana wa kidato cha nne.

Niwasimulie. Shotistopu wangu alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa mama mmoja anauza viazi Mwanjelwa, tunamwita Mama Viazi, na nadhani hata kwenye rejista ya mikutano ya wazazi ameandikwa hivyo. Kijana mwembamba, miguu kama ya korongo. Kwenye daftari alikuwa amepiga mara 31 na kufika besi kwa pigo lake mara 2. Mara mbili! Nikaona aibu mimi mwenyewe. Walipokuja wageni kutoka Iringa nikamweka benchi, nikamwanzisha yule bonge, ambaye akiupata mpira vizuri unakwenda kuutafuta kwenye mahindi ya jirani.

Na aliupata. Nataka niwe mkweli, alipiga mara mbili safi na kuingiza pointi 3. Tukafungwa 9 kwa 7.

Uwanja wetu mnaujua wengine. Moramu, na katikati ya besi ya pili na ya tatu kuna mahali mvua ya masika inapita kila mwaka, tunajaza, inachimba tena. Mpira ukifika pale unaamua wenyewe. Yule mwembamba alikuwa anapajua. Alikuwa anausogelea mpira mapema, anaudaka kabla haujafika kwenye mfereji, mwili mzima mbele yake kama mtu anayezuia kuku asiingie ndani. Bonge alikuwa anausubiri. Mpira wa kwanza ukampiga kwenye ugoko. Wa pili ukampita kati ya miguu. Baada ya hapo akawa anauogopa, na mtu anayeogopa mpira hukaa kisogo-kisogo, mnajua.

Jumatatu nikapita Mwanjelwa kununua viazi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwalimu. Mwanangu alikuwa anaumwa juzi? Nimesikia hukumchezesha." Nikamwambia, "Hapana mama, mzima. Tatizo hapigi." Akaendelea kujaza sado yangu, hakuniangalia. Akasema, "Haya. Na huyo uliyemweka, alidaka?"

Nilirudi nyumbani na viazi na daftari. Nikafanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya mechi. Mechi zetu ni duru 7, na kila duru timu zinapokezana kupiga na kulinda. Anayepiga wa tisa hupata zamu 3, siku nyingine 2. Chukua mpigaji mbaya wa 0.150 na mpigaji mzuri wa 0.300. Katika zamu 3 tofauti yao ni 0.45 ya pigo. Hata nusu ya pigo moja haifiki! Halafu nikahesabu mipira iliyokwenda kwa shotistopu siku ile ya Iringa: 8. Bonge alitoa auti 3. Mitano ilipita. Mwembamba, kwa mechi zake zilizotangulia, alikuwa anapoteza mmoja, wawili siku mbaya. Nilinunua nusu ya pigo kwa mipira mitatu minne. Hiyo ndiyo bei niliyowaambia mwishike, na mimi niliilipa nikiwa natabasamu kwa sababu mpira ulikuwa unaruka mbali.

Na hapa ndipo nadhani sisi wa nyanda za juu tunakosea tunapoiga hesabu za Marekani. Kule mlinzi wa kawaida wa ligi kuu hupoteza mipira michache sana, kwa hiyo tofauti kati ya mzuri na wa kawaida ni ndogo, na wanaruhusiwa kubishana kuhusu rungu. Kwetu tofauti kati ya anayedaka na asiyedaka ni uwanja mzima. Kwa viwanja hivi, kwa glovu hizi za kuazimana, pointi nyingi tunazofungwa tunazitoa wenyewe kwa mikono yetu.

Halafu kuna hewa. Denver, kule Colorado, wako kama mita 1,600 juu ya bahari, na wanajulikana kote kwa sababu hewa yao nyepesi inauacha mpira uruke mbali. Tangu 2002 wanatunza mipira kwenye chumba cha unyevu ili isikauke na kuruka zaidi. Sisi hapa mjini Mbeya tuko karibu mita 1,700. Tumewapita! Mpira uliopigwa Sokoine unasafiri mbali kuliko ungepigwa Dar es Salaam kwa nguvu ileile. Maana yake mlinzi wa nje katikati kwetu ana shamba kubwa zaidi la kulinda. Mwenye mbio nampanga pale hata kama rungu kwake ni kama mwiko wa ugali.

Sasa kuhusu hao tunaowaita hawapigi, kabla ya kuwahukumu tuangalie tumewapa nini. Rungu zetu za kwanza zilichongwa na fundi wa Mafinga. Tulianza na msindano kwa sababu ndio uliojaa kule Sao Hill, zikavunjika wiki ileile. Tukahamia mkaratusi. Hazikuvunjika, lakini zilikuwa nzito kama mchi. Mtoto wa kilo arobaini na tano anauzungusha mchi, mpira umeshapita zamani. Nikamwandika kwenye daftari: hapigi. Nilipompunguzia unene wa mpini na urefu wa inchi mbili, hakugeuka shujaa, lakini alianza kuugusa mpira. Ongeza baridi ya Juni saa mbili asubuhi, vidole vimekufa ganzi, mpira ukigonga rungu mtetemo unaingia mpaka kwenye meno. Wengine hawaogopi mrushaji. Wanaogopa maumivu ya viganja.

Na wapo wanaojifunza. Ozzie Smith mwaka 1979 alipiga 0.211 akiwa San Diego. Alipokwenda St. Louis mwaka 1982, kocha Whitey Herzog aliona anapoteza nguvu kurusha mipira juu hewani, wakati mwili wake ni wa mbio. Wakawekeana dau: kila akipiga mpira wa juu anadaiwa dola moja, kila akipiga wa ardhini analipwa dola moja. Msimu ulipoisha kocha ndiye aliyekuwa anadaiwa, karibu dola 300. Mwaka 1987 Smith alipiga 0.303, bila homurani hata moja. Gold Glove 13 mfululizo, 1980 mpaka 1992. Lakini angalia, hakujifunza kupiga akiwa benchi. Miaka yote ile ya rungu baya alikuwa uwanjani, kwa sababu mikono yake ilikuwa inalipa kodi ya nyumba.

Mimi sina dola. Nilitumia maandazi. Tuliishia mimi kudaiwa maandazi kumi na moja.

Lakini msitoke hapa mkisema mwalimu amesema wasiopiga wote waanze. Mahali ni mahali. Shotistopu, mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, mlinzi wa nje katikati, hao nawavumilia. Houston walikuwa mabingwa mwaka 2022 mdakaji wao mkuu, Martín Maldonado, akiwa amepiga 0.186, kwa sababu warushaji walimwamini kama dereva wa Kitonga anavyoamini breki. Besi ya kwanza ni habari nyingine. Pale unasimama kupokea mipira ya wenzako, na kazi yako ya pili ni kupiga. Chris Davis wa Baltimore alikuwa wa besi ya kwanza, mwenye mkataba wa dola milioni 161. Mwaka 2018 alipiga 0.168, halafu kati ya msimu ule na mwanzo wa 2019 akapita zamu 54 za kuhesabiwa bila pigo hata moja. Aliendelea kupangwa. Mkataba ndio uliokuwa unampanga, si kocha. Sisi hatuna mikataba, ila tuna mpwa wa mwenyekiti wa bodi, tuna kaka mkuu, tuna mtoto ambaye baba yake alitununulia jezi. Naona mnacheka. Mnawajua.

Na wastani wenyewe msiuabudu. Joey Gallo mwaka 2021 alipiga 0.199, mkiangalia hapo tu mtamfukuza. Alikuwa na homurani 38 na alipewa besi ya bure mara 111, kwa sababu alikuwa na subira ya kuacha mipira mibaya ipite. Kwenye ligi zetu warushaji wanakosa shabaha kuliko wale, kwa hiyo kijana asiyejua kupiga lakini anayejua kutopiga anafika besi. Hilo linafundishika kwa wiki mbili. Yule mwembamba wangu sasa napanga wa tisa, na mara nyingi anafika besi bila kuzungusha rungu.

Nimemaliza dakika zangu, mwenyekiti ananiangalia saa.

[Aliyeuliza ni mwalimu kutoka Njombe, dada mmoja aliyekuwa ameketi karibu na dirisha. Alisema: "Kaka, mimi nina mmoja hapigi, hadaki, na mbio hana. Lakini kila siku ndiye wa kwanza kufika mazoezini. Huyo nimfanyeje?"]

Dada, huyo hata mimi ninaye. Asipangwe kuanza, utamuumiza yeye na wenzake. Mimi wangu nilimpa daftari aandike kila mpira ulikokwenda na nani aliugusa. Ile mipira minane ya siku ya Iringa, mitatu auti, mitano imepita, mimi sikuihesabu uwanjani. Nilikuwa nashangilia bonge. Ni yeye aliyeiandika, kwa penseli, na mbele ya ule wa nne akaandika, "Mfereji. Angeudaka mwenye benchi."